Mwisho wa Mstari: Historia ya Alama Isiyoonekana na Hifadhi ya Kiswahili cha Ituri

1. Utangulizi

Kila anayeandika Kiswahili kwa kompyuta hutumia, mara nyingi kwa siku, alama isiyoonekana wala kusomwa. Hiyo ni alama inayomaliza mstari. Shuleni mwanafunzi hufundishwa nukta, mkato na alama ya kuuliza. Hakuna kitabu cha sarufi kinachomfundisha alama hii, kwa kuwa haikutokana na lugha. Ilitokana na mashine. Hata hivyo, matini ikitoka katika kompyuta ya mfumo mmoja kwenda katika ya mfumo mwingine, alama hiyo ndiyo huharibika kwanza, na mara nyingine huharibu pamoja nayo vitu ambavyo si matini kabisa: picha, sauti, video.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa kifupi historia ya alama hiyo, na kuonyesha jinsi tofauti iliyozaliwa nayo, yaani tofauti kati ya faili la matini na faili la jozi, inavyohusu hifadhi ya Kiswahili kinachosemwa Bunia na Ituri kwa jumla. Kwa "faili la jozi" inakusudiwa hapa faili ambalo baiti zake si herufi za kusomwa, bali ni namba za rangi, za sauti au za maagizo ya mashine. Hoja kuu ni kwamba kosa la kompyuta inayosahihisha faili lisilohitaji kusahihishwa lina ndugu yake katika kazi ya mwanaisimu, na kwamba katika Ituri kosa hilo la pili lina uzito usio wa kitaaluma tu.

2. Mstari kabla ya mashine

Katika utenzi, ubeti una vipande vinne, na kila kipande kwa kawaida kina mizani nane. Vina vya vipande vitatu vya kwanza hufanana. Kina cha kipande cha nne hurudi kilekile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Waandishi wa miswada ya pwani, waliotumia hati ya Kiarabu, mara nyingi waliandika ubeti mzima katika mstari mmoja au miwili ya karatasi, wakitenganisha vipande kwa nafasi au kwa alama ndogo. Hawakuhitaji kushuka mstari kila kipande kilipokwisha. Kina ndicho kilichotangaza mpaka, na msomaji aliyesoma kwa sauti aliusikia. Ndivyo zilivyohifadhiwa kazi kongwe kama Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728.

Tenzi zilipoanza kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi, wahariri wengi walikipa kila kipande mstari wake. Toka hapo mwisho wa mstari ulibeba maana: ulisema "hapa kipande kimekwisha". Katika nathari hali ni nyingine. Mstari wa nathari huisha pale karatasi inapoishia. Karatasi ikiwa pana zaidi, mstari huwa mrefu zaidi, na maana haibadiliki hata kidogo. Kuna basi miisho miwili ya mstari: ule unaotokana na maana, na ule unaotokana na upana wa karatasi. Binadamu huitofautisha bila shida. Mashine zilizofuata hazikuambiwa tofauti hiyo.

3. Kigari na waya

Katika taipureta ya mkono, karatasi imekaa juu ya kigari kinachosogea kwa kila herufi inayopigwa. Mstari ukifika mwisho, mpigaji husukuma wenzo mmoja, na mambo mawili hutendeka: kigari hurudi mwanzo, na karatasi hupanda ili mstari mpya uanze chini ya ule wa zamani. Kwa macho ni tendo moja. Kwa mashine ni matendo mawili, na kila moja linaweza kufanywa bila la pili. Mpigaji anayetaka kupigia neno mstari chini yake hurudisha kigari bila kupandisha karatasi. Anayetaka kuacha nafasi hupandisha karatasi bila kurudisha kigari.

Utengano huo uliingia katika telegrafu. Mfumo wa Émile Baudot, Mfaransa wa miaka ya 1870, ulitumia vipigo vitano kwa kila herufi, yaani michanganyiko 32 tu. Mwaka 1901 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, aliurekebisha ili utumike na kibodi kama ya taipureta. Humo alitenga nafasi kwa maagizo mawili yasiyo herufi: agizo la kurudisha kigari na agizo la kushusha mstari. Hivyo mwisho wa mstari ulipita ndani ya waya pamoja na maneno yenyewe.

Mwaka 1963 Marekani ilitoa orodha ya alama 128 iitwayo ASCII. Agizo la kushuka lilipewa namba 10, na la kurejea namba 13. Mwaka huohuo ilitoka mashine ya Teletype Model 33, iliyopiga herufi kumi kwa sekunde. Kichwa cha mashine hiyo kilihitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kurudi kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo. Kwa hiyo desturi ikawa kutuma 13 kwanza, kisha 10: wakati karatasi inapanda, kichwa kilipata nafasi ya kumaliza safari yake. Mfuatano huo wa namba mbili, ambao bado umo katika mafaili mengi ya leo, ulitokana na uzito wa kipande cha chuma.

4. Mifumo mitatu, kanuni tatu

Wahandisi wa mfumo wa Multics, katika miaka ya 1960, waliona hakuna haja ya kuhifadhi alama mbili kwa jambo moja. Walihifadhi 10 peke yake, na kuiachia programu inayoongoza mashine ya kuchapia kazi ya kuongeza 13 ilipohitajika. Unix, iliyoanza katika maabara ya Bell mwaka 1969, ilirithi uamuzi huo. Upande mwingine, mfumo wa CP/M wa Gary Kildall, wa mwaka 1974, ulihifadhi zote mbili, 13 na 10, kama zilivyopita katika waya. MS-DOS ya mwaka 1981 ilimfuata Kildall, na Windows ikaifuata MS-DOS. Kampuni ya Apple, katika Macintosh ya mwaka 1984, ilichagua 13 peke yake, na kubaki hivyo mpaka Mac OS X ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya msingi wa Unix, ilipohamia kwenye 10.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyehamisha matini kati ya mifumo hii. Faili la Unix lilipofunguliwa katika Notepad ya Windows lilionekana kama mstari mmoja usio na mwisho. Programu hiyo ilifunzwa kuisoma alama 10 iliyo peke yake mwaka 2018 tu. Faili la Windows likifika katika Unix, kila mstari hubaki na 13 iliyojificha mkiani. Kwa msomaji hilo ni kero tu. Kwa mwanaisimu ni kosa la data. Orodha ya maneno ikiandikwa neno moja kwa kila mstari, nusu yake katika Windows na nusu katika Unix, kompyuta italihesabu neno "watu" mara mbili: "watu" lenye herufi nne, na "watu" lenye herufi nne na alama isiyoonekana. Mtafiti anaweza kutangaza kwamba neno fulani ni adimu, kumbe limegawanyika katika mafungu mawili.

Inafaa kutaja kwamba katika mambo haya Kiswahili kilipata nafuu ambayo Kifaransa hakikuipata. Kiswahili cha herufi za Kirumi kinatoshelezwa na ASCII. Hata ng' inaandikwa kwa alama iliyomo katika orodha ile ya 128. Kifaransa, ambacho wasomi wa Kongo hukiandika sambamba na Kiswahili, kina herufi zenye alama juu yake, na kila mfumo ulizipa namba zake. Herufi é ilikuwa 130 katika MS-DOS, 233 katika Windows na 142 katika Macintosh. Ripoti ya Kifaransa ilipohama bila kugeuzwa vizuri, ilifika na vidonda. Maneno ya Kiswahili yaliyonukuliwa ndani yake yalifika salama. Unicode, iliyoanza mwaka 1991, ilipunguza sana tatizo hilo la herufi. Tatizo la mwisho wa mstari haikulimaliza.

5. Matini na jozi

Ikiwa kila mfumo una mwisho wake wa mstari, dawa iliyoonekana rahisi ni kugeuza alama hizo wakati faili linaposafiri. Kanuni za kuhamisha mafaili katika mtandao, zilizotolewa kwa sura yake maarufu mwaka 1985 kwa jina la FTP, ziliweka njia mbili kuu. Njia ya matini hugeuza miisho ya mistari ili ifae mfumo unaopokea. Njia ya pili hupeleka kila baiti kama ilivyo. Mtumiaji alitakiwa kuchagua, na ni hapo msiba ulipoingia, kwa sababu kompyuta iliyoambiwa kwamba faili ni matini haiulizi tena.

Tuseme rekodi ya sauti yenye baiti 1,000,000 imepelekwa kwa njia ya matini kutoka mfumo wa Windows hadi Unix. Kila palipo na 13 ikifuatwa na 10, programu itaondoa 13. Baiti ina uwezekano 256. Kama namba zimetawanyika bila mpango, jozi ya 13 na 10 hutokea karibu mara moja katika 65,536, yaani takriban mara 15 katika rekodi nzima. Baiti 15 katika milioni moja ni kitu kidogo mno. Lakini katika sauti iliyohifadhiwa kwa baiti mbili kwa kila kipimo, kuondoka kwa baiti moja hufanya kila kipimo kinachofuata kichukue nusu yake kwa jirani. Sauti ya mtu hugeuka kuwa mvumo mtupu mpaka baiti nyingine ipotee na kuzirudisha jozi mahali pake. Tena uharibifu huo hautenguki. Aliyepokea anaona namba 10 nyingi, wala hana njia ya kujua ni zipi zilizokuwa na 13 mbele yake.

Mafundi walijifunza kujihadhari. Barua pepe ya awali ilipitisha herufi za biti saba tu. Kwa hiyo kanuni za MIME za mwaka 1992 ziliruhusu faili la jozi livishwe vazi la herufi za kawaida, kila baiti tatu zikiandikwa kwa herufi nne, ili lisafiri kama matini bila kuguswa. Mfano wa kupendeza zaidi ni aina ya picha iitwayo PNG, ya mwaka 1996. Kila picha ya PNG huanza kwa namba nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Ya kwanza hubaini njia inayokata biti ya nane. Tatu zinazofuata ni herufi za jina PNG. Kisha 13 na 10 zimewekwa makusudi kama mtego: programu ikigeuza miisho ya mistari, mfuatano huo huharibika, na msomaji wa picha hutambua papo hapo kwamba faili limeguswa. Namba 26 huzuia MS-DOS isiendelee kulionyesha faili kama maandishi, na 10 ya mwisho hutega mgeuzo wa upande wa pili. Mgeni huyu amebeba mwilini mwake shahidi wa safari yake.

Programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza matoleo ya kazi ya pamoja, imeendeleza hekima hiyo. Inapolinganisha matoleo, huangalia baiti 8000 za mwanzo wa faili; ikikuta baiti ya sifuri, hulihesabu faili hilo kuwa la jozi. Lakini kukisia si kujua, na ndiyo maana Git huruhusu wenye kazi waandike wazi, katika faili dogo la maelezo, ni aina zipi za mafaili zilizo matini na ni zipi zisizoguswa.

6. Msamiati wa Elisabethville

Mgogoro kati ya kusahihisha na kuacha haukuanza na kompyuta. Mwaka 1965 katika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa majumbani. Matini hiyo, ijulikanayo kama Msamiati wa mji wa Elisabethville, ilipigwa taipu kwa Kiswahili cha Shaba bila kufuata kanuni za shule: maneno yameunganishwa au kukatwa kwa namna isiyotabirika, na vituo ni vichache. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Jambo la kuzingatia ni njia waliyoifuata. Hawakuiandika matini upya kwa Kiswahili sanifu na kuitupa ya awali. Walitoa nakala ya kurasa zenyewe kama zilivyopigwa taipu. Na kando yake wakatoa matini ya pili, iliyopatikana baada ya Kalundi Mango kuyasoma maandishi hayo kwa sauti, ili sikio liamue neno linapoanzia na linapoishia. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, ukurasa wa Yav ulitunzwa kama faili la jozi, usiguswe. Matini ya kusomeka ikatengenezwa kutokana nao. Anayetilia shaka matini ya pili anaweza kuirudia ya kwanza. Kama ingesahihishwa moja kwa moja, asingekuwa na pa kurudi.

7. Ituri mbele ya Mahakama

Vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003 viliipeleka Bunia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Kesi ya kwanza ya Mahakama hiyo, ya Thomas Lubanga, ilianza tarehe 26 Januari 2009, na hukumu ilitolewa tarehe 14 Machi 2012. Alipatikana na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Mashahidi kadhaa walisema kwa Kiswahili cha Kongo, na Mahakama ililazimika kuwaandaa wakalimani wa lugha hiyo.

Kumbukumbu za maandishi za vikao hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, lugha za kazi za Mahakama. Kila ukurasa wake una mistari yenye namba, na majaji na mawakili hunukuu ushahidi kwa kutaja ukurasa na mstari. Hapa mwisho wa mstari umepata cheo kipya: si wa maana kama katika utenzi, wala si wa karatasi tu kama katika nathari, bali ni anwani ya kisheria. Mistari ikisogea, marejeo yote hupotea njia.

Lakini maneno ya Kiswahili yenyewe hayamo katika mistari hiyo. Yamo katika rekodi za sauti na video, yaani katika mafaili ya jozi. Kwa hiyo ushahidi mkubwa wa Kiswahili cha Ituri cha mwanzo wa karne hii umehifadhiwa kama sauti, na kilichoandikwa ni tafsiri yake. Mtu akitaka kujua shahidi alisema nini hasa, matini haimtoshi.

Mfano mmoja unatosha. Katika kesi hiyo lilijitokeza neno "kadogo", lililoenea nchini tangu vita vya 1996 na 1997. Kwa umbo ni kivumishi "-dogo" chenye kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu hakikipokea katika ngeli zake lakini Kiswahili cha Kongo hukitumia kila siku. Kwa matumizi limekuwa nomino kamili: mtoto aliye jeshini. Mnakili aliyefunzwa sanifu, akisikia "kadogo", anaweza kwa nia njema kabisa kuandika "mdogo" au "mtoto mdogo". Sentensi itakuwa safi zaidi, na ushahidi utakuwa umebadilika, kwa maana "mtoto mdogo" hutaja umri tu, hali "kadogo" hutaja umri na hali ya uaskari kwa pamoja. Katika kesi ambayo umri na uaskari ndivyo vilivyobishaniwa, tofauti hiyo si ya mtindo. Ni ile baiti moja iliyoondolewa, inayoyumbisha kila kinachofuata.

8. Hitimisho

Historia ya mwisho wa mstari inaonyesha kwamba kila mfumo ulikuwa na sababu yake. Unix haikukosea, wala Windows, wala Macintosh ya zamani. Kosa hutokea pale mfumo mmoja unapodhani kwamba kanuni yake ndiyo kanuni ya wote, na kugeuza bila kuuliza. Hali ni hiyohiyo kwa Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Ituri. Kila kimoja kina utaratibu wake, na mnakili anayepita kati yake anahitaji kujua yuko upande gani.

Kwa wanafunzi wanaokusanya masimulizi Bunia na vijijini, mambo manne yanafuata. Kwanza, rekodi ya awali isiguswe kamwe: inakiliwe mahali pawili, na hesabu ya kuthibitisha baiti zake iandikwe siku ileile, ili mabadiliko yoyote yajulikane. Pili, unukuzi uandikwe katika faili la matini tupu, kwa Unicode, na kwa kanuni moja ya mwisho wa mstari iliyotajwa wazi kwa wote wanaoshiriki kazi. Tatu, mstari wa unukuzi uishie pale msemaji aliponyamaza, si pale upana wa kioo ulipokwisha, na saa ya sauti iandikwe mwanzoni mwake. Nne, umbo lililosikika liandikwe kama lilivyosikika. Umbo la sanifu, likihitajika, liwekwe katika safu ya pili.

Hatua hizo hazihitaji vifaa vya ghali. Zinahitaji mnakili akumbuke kwamba kuna kazi ya kusahihisha na kuna kazi ya kupokea, na kwamba aliyezungumza huenda asipatikane tena kuulizwa alisema nini. Katika Ituri, ambako wengi waliosimulia vita hivyo wamehama au wamefariki, rekodi iliyofika nzima ndiyo itakayojibu kwa niaba yao.